Kishikwambi cha Serikali na Umbea wa Kamati ya Bati

Bi Mwanahawa, shikamoo.

Naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana nakufahamu, nakusoma kila wiki gazetini, na mke wangu Modesta hukusoma kwa sauti huku akimenya viazi, na siku zote nimekuwa nikisema wanaokuandikia ni watu wasio na kazi za kufanya, na leo na mimi nimekaa hapa nimeshika kalamu, mtumishi wa umma, mtendaji wa kata katika milima hii ya Lushoto, mtu ambaye nikipita barabarani vijana wanazima pikipiki ili wanisalimie.

Shida yangu ni kishikwambi. Serikali ilitugawia vishikwambi sisi watendaji tuandikishe wakulima wanaotaka mbolea ya ruzuku, na humo ndani mna majina ya wakulima wote wa kata yangu, namba zao za simu, mashamba yao yako wapi na yana ukubwa gani, na mimi nilikipokea kwa heshima zote, nikakishonesha mfuko wa ngozi kwa fundi viatu, na nyumbani nikamwambia Modesta kwamba hicho ni chombo cha serikali, kina mambo ya siri, asikiguse hata kwa kukifuta vumbi, na kweli hajakigusa. Sasa mimi pia ni mwenyekiti wa Kamati ya Bati, yaani kamati ya usharika wetu wa Kilutheri inayosimamia kuezeka kanisa upya, na kamati ina grupu lake la kwenye simu, na humo imezuka tabia mbaya sana, mtu anaandika ujumbe halafu anaufuta kabla sijausoma, kwa sababu huku kwetu mpaka upande kilima cha shule ndipo simu ipate mtandao, ukifika juu unahema, unafungua grupu, unakuta "Ujumbe huu umefutwa", chini yake tena "Ujumbe huu umefutwa", na chini yake watu wazima na akili zao wameweka vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi, sasa wewe unajiuliza, jamani, wanacheka nini?

Nilikosa hata hamu ya kula. Ndipo fundi simu mmoja pale stendi akaniambia ipo programu ya ujumbe ya pembeni, inafanana na ile ya kijani tunayoitumia wote ila hii ni ya zambarau, ukiwa nayo mtu akifuta wewe bado unaona, na ukisoma yeye hajui kama umesoma, nikaona Mungu amesikia kilio changu. Simu yangu ni ndogo na imejaa nyimbo za kwaya, na isitoshe Modesta anajua kuifungua, kwa hiyo nikamwambia fundi aiweke kwenye kishikwambi. Kishikwambi kikagoma, kikaleta maandishi mekundu kwamba programu hii ni ya hatari, fundi akasema, "Achana nayo mzee, wanatutisha tu ili tusifaidi," akaingia sijui wapi akazima ulinzi, kisha ikaanza kuniuliza, inaomba kuona majina uliyohifadhi, kubali, inaomba kuona mafaili yako, kubali, inaomba kusikiliza, kubali, yote nikabonyeza mimi mwenyewe kwa kidole changu, nikarudi nyumbani nikiimba.

Na ilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Jumbe nyingi zilizofutwa zilikuwa upuuzi tu, mtu kakosea kutuma bei ya kabichi, mwingine katuma picha ya ng'ombe anayemuuza, lakini siku moja nikamkuta Kornelio, mzee wa kanisa, mtu tuliyepata naye kipaimara siku moja, ameandika, "Jamani leo Mtendaji asipewe nafasi ya kufungua kikao, tutatoka magharibi," halafu akafuta. Bi Mwanahawa, niliumia. Nikafika kikaoni, nikasimama, nikasema nimesikia wapo wanaosema mimi nikifungua kikao mnatoka magharibi, nikawaeleza kwa kirefu kwamba mimi si mtu wa kuongea kwa kirefu, nikatoa na mifano, na tulipotoka nje ilibidi tumulikiane na simu. Tangu siku hiyo grupu limekufa. Wanaandika "Amina" na kuweka maua, basi, hakuna hata wa kufuta.

Sasa umekuja waraka kwamba kwenye vifaa vya serikali zisiwepo programu zisizoruhusiwa, kwa ajili ya usalama wa mtandao, na vishikwambi vyote vikakaguliwe. Afisa TEHAMA aliyetumwa kwetu ni binti anaitwa Shamsa, nilimwona akiwa bado anavaa sare za shule ya msingi, akaja ofisini, akanipa shikamoo vizuri kabisa, nikaitikia marahaba, akakaa, halafu akasema, "Baba, naomba kishikwambi na neno lako la siri, nikague kilichomo." Mimi? Nimpe neno la siri mtoto? Nikamwambia kishikwambi kiko nyumbani, kumbe kiko mezani nimekifunika na gazeti, tena gazeti lenu hilihili, akalitazama lile gazeti, akanitazama na mimi, akasema, "Sawa baba, basi kabla ya mwisho wa mwezi ukilete wilayani," akaaga kwa adabu. Ile adabu yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nauliza, hivi huu si udhalilishaji? Mtu mzima na cheo changu napekuliwa kama mwanafunzi wa bweni?

Kuna na jambo jingine dogo, halihusiani, nalitaja tu ili uone nilivyoelemewa. Siku hizi matapeli wanawapigia simu wakulima wangu, wanasema wametumwa na mimi, wanamtajia mtu jina lake na shamba lake lilipo, kisha wanamwomba ile namba ya kuchukulia mbolea inayoingia kwenye simu yake, ukiitaja tu mbolea yako inakwenda kuchukuliwa na mtu mwingine huko usikokujua. Wamempata Bibi Efrazia, mjane analima mahindi na maharage kule bondeni na analea wajukuu, alipofika kwa wakala akaambiwa mbolea yako ilishachukuliwa, na mvua za masika hizo zinakuja. Akapanda mpaka ofisini kwangu, akaanza kufoka kwa Kishambaa mpaka watu wakajaa dirishani, nikamwambia ajilaumu mwenyewe kwa ujinga wake. Tena eti kinachomuuma zaidi, yule tapeli alimwita "Bibi Efrazia Mgomvi", sasa ananiuliza mimi, nani ananiita Mgomvi? Ni kweli kwenye kishikwambi nimemhifadhi hivyo, Efrazia Mgomvi, kwa sababu kata ina kina Efrazia wawili na yule mwingine ni mpole, kila mtu nimemwekea alama yake nisije nikachanganya, lakini hilo ni langu na kishikwambi changu, hakuna binadamu mwingine anayelijua, kwa hiyo nikaona imetokea tu kugongana. Nikamtoa nje. Halafu nikaitisha mkutano wa hadhara, nikawafundisha wakulima jinsi ya kutunza siri zao, kishikwambi nimekiinua juu ili wakione.

Sasa mwisho wa mwezi unakaribia na maji yamenifika shingoni. Nimefikiria niifute programu kimyakimya, nimefikiria niseme kimeibwa, nimefikiria hata nikipeleke Irente, pale watalii wanaposimama kutazama bonde, kiniponyoke. Au nimwandikie mkubwa wake Shamsa kwamba binti huyo hana heshima. Modesta anajua nakuandikia ila anadhani ni habari ya presha. Naomba msaada wako, nifanye nini nisiaibike?

Mimi,
Mtumishi Mwenye Mawazo, Lushoto

BI MWANAHAWA ANAJIBU KUTOKA MUHEZA

Marahaba, Mtendaji. Nilijikaza nisikucheke kama ulivyoomba, na nilifika mbali, nilifika mpaka pale uliposimama kuwaeleza watu kwa kirefu kwamba huongei kwa kirefu. Hapo nikaiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Pole, lakini. Nasema kwa dhati. Kusemwa kunauma, na kuchekwa usijue unachekewa nini kunauma zaidi. Mimi nimesemwa katika Muheza hii tangu nilipoolewa mara ya kwanza, nimesemwa sokoni, nimesemwa msibani, nimesemwa na watu wanaokula pilau yangu. Kwa hiyo nakuelewa. Ila mimi sikuchukua mali ya serikali kwenda kuchungulia nani kasema nini. Nilinuna, nikala, nikalala.

Sasa tuzungumze. Unaniuliza kama ni udhalilishaji kuambiwa kishikwambi cha serikali kisiwe na takataka zako. Baba, mbona sheria hiyo unaijua vizuri? Modesta ulimwambia chombo hiki ni cha serikali, kina siri, usikiguse hata kwa kitambaa. Mkeo, anayekupikia na kukufulia, hakuaminika kukifuta vumbi. Halafu fundi wa stendi, ambaye hata jina lake hukunitajia, ukamkabidhi azime ulinzi, na wewe umesimama pembeni unabonyeza kubali, kubali, kubali, kama bwana harusi mwenye haraka. Modesta nakujua unalisoma hili kwa sauti. Weka kisu cha viazi chini, mwanangu, umtazame huyo.

Mimi nimestaafu nikiwa karani wa masjala, chumba cha mafaili ya serikali. Faili lilikuwa likitoka pale kwa sahihi na kurudi kwa sahihi, na hakuna bosi aliyekuja kuniambia amelipeleka faili harusini kwa sababu lina kurasa pana za kuandikia zawadi. Kishikwambi chako ni faili, tena ni kabati zima la mafaili, limejaa watu ambao hawakukupa majina yao ili ukafuatilie umbea wa Kamati ya Bati. Walikupa kwa sababu wanataka mbolea. Ndiyo maana serikali inasema humo zisiingie programu zisizojulikana zilikotoka. Huo waraka haukuandikwa ili kukuaibisha wewe, Mtendaji. Walioandika hata hawajui kama upo.

Na Shamsa muache. Mtoto wa watu kakuamkia, kakuita baba, kakuta umefunika kishikwambi na sura yangu mimi gazetini, akakusitiri mbele ya wafanyakazi wako. Ulitaka akupigie magoti? Ungemwandikia mkubwa wake nini, kwamba binti ana adabu iliyopitiliza?

Haya, tuje kwenye hilo jambo lako "dogo lisilohusiana". Hapo, baba, kicheko kiliniisha.

Umeandika kwa mkono wako kwamba jina la Efrazia Mgomvi halijulikani na binadamu yeyote isipokuwa wewe na kishikwambi chako. Halafu mtu asiyemjua Bibi Efrazia anampigia simu na kumwita kwa jina hilo. Halafu wewe, mtendaji wa kata, uliyeajiriwa kwa vyeti, unasema imetokea tu kugongana. Acha kujitia hamnazo. Wewe unajua, na ulijua mama wa watu alipokuuliza pale ofisini, ndiyo maana ukamtoa nje haraka. Ile ya zambarau uliyoipa ruhusa ya kuona majina na mafaili, imeona. Ulitaka kusoma wanayokusema wenzako kwa siri, na yale unayowasema wewe kwa siri yamesomwa na matapeli, kisha wakayapeleka moja kwa moja sikioni kwa mwenyewe. Mimi si fundi wa mitambo, nimewauliza wenye kazi yao, na wao wakaguna. Wanasema uhakika utapatikana kishikwambi kikikaguliwa. Kwa hiyo kukirusha Irente ni kutupa ushahidi bondeni, na kuifuta programu kimyakimya ni hivyohivyo, na kusema kimeibwa ni kwenda kudanganya polisi, hapo sasa hutaniandikia mimi, utamwandikia wakili.

Na uelewe kitu kimoja ambacho barua yako yote ndefu haikukigusa. Unaniuliza ufanyeje usiaibike. Bibi Efrazia haulizi habari ya kuaibika. Yeye anauliza atapanda na nini. Mahindi hayasubiri waraka. Mvua ikishaingia na shamba halina mbolea ya kupandia, wale wajukuu watakula nini mwaka huu? Na hayuko peke yake. Majina ya kata nzima yako mikononi mwa watu hao, na kila siku unayozidi kukifunika kishikwambi na gazeti, kuna mkulima mwingine simu inaita shambani, anapokea kwa mkono wenye udongo, anaambiwa "nimetumwa na Mtendaji", na kwa kuwa anakuheshimu, anaitaja namba. Jina lako ndilo wanalotumia kuwaibia. Umekasirika sana Kornelio kusema unachelewesha vikao. Hili la jina lako kutumika kuwaibia wajane mbona halijakukosesha hamu ya kula?

Sasa sikiliza, nitasema mara moja. Ukimaliza kusoma hapa, zima mtandao kwenye hicho kishikwambi. Usifute kitu, usimrudie fundi wa stendi, usijifanye mjuzi. Kichukue na mfuko wake wa ngozi, panda gari, kipeleke wilayani kwa Shamsa leo, usingoje mwisho wa mwezi. Mpe na neno la siri. Mwambie nani aliiweka, wapi, na uliikubalia nini na nini. Mwambie na habari ya lile jina la Mgomvi, maana hilo ndilo litakalomwonyesha upenyo uko wapi. Mwombe watu wa mbolea waarifiwe wabadilishe namba za wakulima wa kata yako kabla hazijatumika, na Bibi Efrazia aandikiwe upya kama inawezekana. Watakupa barua ya onyo, labda na kubwa kuliko onyo. Ipokee. Umeifanyia kazi.

Kisha waambie wakulima. Si kwa mkutano wako wa hadhara, nakuomba sana, watu wana mashamba. Mwombe mchungaji aseme kanisani na imamu aseme msikitini, maneno machache: asitokee mtu kutaja namba ya mbolea kwa simu, hata kama anayepiga anajua shamba lako na jina la babu yako, hata kama anasema katumwa na Mtendaji. Na waseme sababu, kwamba majina yametoka kwenye kishikwambi cha Mtendaji. Usiwaombe wailainishe. Uenyekiti wa Kamati ya Bati nao jiuzulu, wenzako wapumue. Kornelio atafungua vikao na kanisa litapata bati.

Nimeacha la mwisho ambalo najua utatafuta njia ya kulikwepa. Wewe una shamba. Mtendaji asiye na shamba huko milimani sijawahi kumwona. Na kwa mtu mwenye cheo chako, mbolea yako ya kupandia ilishafika zamani, imekaa stoo kavu, haijapigiwa simu na mtu. Ibebe. Usimtume mtu, usikodi pikipiki, ibebe begani mwenyewe, mchana, watu wakiona, ushuke nayo bondeni mpaka kwa Bibi Efrazia. Mwamkie. Usianze na habari za mtandao na dunia ya sasa. Mwambie, "Bibi, anayekuita Mgomvi ni mimi, niliandika mwenyewe, na waliochukua mbolea yako walipitia mlango niliowafungulia mimi. Hii ni yangu, panda." Maneno ni hayo, usiongeze. Mahindi yako mwaka huu yatakuwa ya njano, acha yawe ya njano, una mshahara.

Asipokukaribisha ndani, hewala. Asiposema asante, hana deni hilo kwako. Tua mzigo mlangoni, aga, uondoke. Ukishageuka atasema jambo kwa Kishambaa, na wajukuu watacheka. Usisimame, usigeuke, na usimuulize mtu yeyote amesema nini. Wewe panda mlima.